Hidrojeli, alumini, PLGA au kibandiko: chanjo ipi ibebwe na nini

Wanafunzi wa famasi na wa uhandisi wa vifaa tiba wanaotafuta mada ya utafiti siku hizi hawachelewi kuitaja hidrojeli. Wana haki. Ila wengi wao huchagua kifaa kwanza, kisha ndipo waanze kukitafutia chanjo ya kubeba. Nawasihi waanze upande wa pili. Chanjo unayoishughulikia inakwama wapi? Inaharibiwa na joto njiani? Watoto wanapata dozi ya kwanza kisha hawarudi? Au wanarudi wote, friji linafanya kazi, lakini kinga yenyewe ni hafifu na inafifia mapema? Kila jibu lina kifaa chake, na hidrojeli iliyo bora kwa jibu moja inaweza kuwa mzigo mtupu kwa jingine.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuamua: mwanafunzi anayeandika pendekezo la utafiti, mfamasia aliyeulizwa maoni na mradi, au ofisa wa chanjo wa wilaya anayesikia ahadi za watengenezaji na kutaka kujua amwamini nani.

Jina moja, kazi mbili

Hidrojeli ni wavu wa nyuzi za polima ulionyonya maji mengi bila kuyeyuka. Ukipasua pampasi iliyolowa utakuta punje laini zinazoteleza vidoleni. Hizo ni hidrojeli. Lenzi laini za macho nazo ni hidrojeli, kazi iliyotangazwa mwaka 1960 na Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia. Na zipo dawa ambazo tayari hukaa mwilini ndani ya hidrojeli: kipandikizi cha histrelini, dawa ya kudhibiti homoni, huwekwa chini ya ngozi ya mkono na kutoa dawa kidogo kidogo kwa miezi 12. Kwa hiyo mwili wa binadamu na hidrojeli si wageni.

Kwenye chanjo, neno hilo linabeba kazi mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni bohari: jeli inachomwa chini ya ngozi pamoja na chanjo, inabaki pale, na inaachilia antijeni, yaani kile kipande cha kijidudu ambacho kinga hujifunza kukitambua, kwa wiki kadhaa. Ya pili ni ulinzi: jeli inaishikilia chanjo ndani ya chupa au bomba la sindano isivunjwe na joto, kisha inafunguliwa au kuchujwa kabla dawa haijaingia mwilini. Ya kwanza inatakiwa ing'ang'anie. Ya pili inatakiwa iachie yote mara moja pale unapotaka. Hizo ni sifa zinazopingana, na jeli moja haijengwi kwa zote mbili bila kuumiza mojawapo. Ukisoma pendekezo linaloahidi kwamba jeli ileile itaondoa friji na pia itaondoa dozi za marudio, uliza maswali mengi kabla ya kusaini.

Kuhusu hali ya mambo: hakuna bohari ya hidrojeli ya kuchomwa iliyoidhinishwa kwa chanjo yoyote ya kawaida ya watu. Ushahidi mzito ni wa panya na kima. Anayehitaji kifaa cha kutumia mwaka ujao wilayani hana cha kuchagua hapa. Anayepanga utafiti wa miaka mitano au kumi anacho.

Faida ya kuachilia polepole inatoka wapi

Ukiugua, kirusi kinazaliana mwilini kwa siku nyingi, na kinga yako inakutana na antijeni kwa wingi unaopanda kabla ya kushuka. Protini ya chanjo ikichomwa peke yake, huondoka ndani ya siku chache. Wakati huohuo, ndani ya tezi za limfu kuna kambi ndogo ambamo seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, hushindanishwa: ile ambayo kingamwili yake inanasa antijeni kwa nguvu zaidi huzaliana, na iliyo hafifu hufa. Antijeni ikiisha mapema, kambi inafungwa kabla ya washindani bora hawajapatikana.

Mwaka 2016 kundi la Darrell Irvine wa MIT, Marekani, lilionyesha kwa panya kwamba kiasi kilekile cha chanjo, kikigawanywa na kuchomwa kwa vipimo vinavyopanda ndani ya wiki 2, kinaleta kingamwili nyingi zaidi kuliko kikichomwa chote siku moja. Mwaka 2019 Shane Crotty wa La Jolla, California, na wenzake walitumia pampu ndogo zilizopandikizwa chini ya ngozi ya kima wa aina ya rhesus kupeleka polepole chanjo ya majaribio ya VVU, wakapata kingamwili bora zaidi. Kisha mwaka 2022 wakaripoti kwamba kima waliochomwa sindano 7 ndani ya siku 12 walibaki na kambi hizo zikifanya kazi kwa zaidi ya miezi 6.

Nani atampeleka mtoto kliniki mara 7 ndani ya siku 12? Hakuna. Pampu ya kupandikiza kwa upasuaji kwa watoto wa kata nzima? Haiwezekani. Hapo ndipo bohari ya hidrojeli inapopata sababu ya kuwepo: inajaribu kufanya kwa sindano moja kile ambacho pampu na sindano nyingi zimethibitisha kuwa kina faida. Kundi la Irvine lilipunguza ratiba ile hadi sindano 2, asilimia 20 ya dozi siku ya kwanza na asilimia 80 baada ya siku 7, na kwa panya sehemu kubwa ya faida ilibaki. Ni kazi nzuri, lakini kwa kliniki za kwetu imeongeza safari badala ya kuipunguza.

Hidrojeli na chumvi ya alumini

Mpinzani wa kwanza wa hidrojeli yumo tayari ndani ya friji la kila zahanati. Alexander Glenny aligundua mwaka 1926, huko London, kwamba chanjo ya dondakoo iliyotuamishwa kwa chumvi ya alumini huamsha kinga kwa nguvu zaidi. Karibu miaka 100 baadaye, alumini bado imo kwenye chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini B, ya nimonia, ya HPV (kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi) na ile ya mchanganyiko wa magonjwa matano. Ni rahisi, inafahamika, imechomwa kwa mamilioni ya watoto, na viwanda vinajua kuitengeneza kwa senti chache.

Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba alumini hufanya kazi kwa kuwa bohari. Mwaka 2012 watafiti waliikata sehemu iliyochomwa sindano kwenye panya saa 2 tu baada ya chanjo, na kinga haikupungua. Kwa maneno mengine, nguvu ya alumini inatoka kwingine zaidi: katika kuziamsha seli za mwanzo za kinga. Hili lina uzito kwa anayechagua, kwa sababu muuzaji atakayekuambia "alumini na hidrojeli zote ni bohari, hii ni bora tu kidogo" atakuwa anakosea. Hidrojeli ya kisasa hufanya kazi ambayo alumini haifanyi.

Udhaifu mkubwa wa alumini ni barafu. Chanjo yenye alumini ikiganda, chembe zake hushikamana na nguvu yake hupotea, na huwezi kuirudisha. Wahudumu wanalijua jaribio la kutikisa: unachukua chupa unayoitilia shaka na nyingine ya kundi lilelile uliyoigandisha makusudi usiku kucha kisha ikayeyuka. Unazitikisa pamoja, unaziweka mezani sambamba kwenye mwanga, unatazama. Ile iliyogandishwa huanza kutuama mapema, mabonge yanashuka na maji ya juu yanabaki maangavu. Ya kwako ikituama kwa kasi ileile au zaidi, inatupwa. Ukiona jaribio hilo mara moja tu, unaelewa kwa nini barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza haigusishwi chupa za chanjo ndani ya kisanduku.

Je, hidrojeli inavumilia kuganda? Sehemu yake kubwa ni maji. Usikubali neno la mtu, dai kipimo.

Sasa upande wa pili wa mizani. Hidrojeli inayotajwa sana kwenye chanjo inatoka maabara ya Eric Appel, Chuo Kikuu cha Stanford. Imejengwa kwa vitu viwili: hidroksipropili methiliselulosi, kitu ambacho tayari kimo kwenye matone ya macho makavu na kwenye vidonge vingi, ikiwa imeongezewa mikia ya mafuta, na nanochembe za PEG, polima inayopenda maji, na asidi ya polilaktiki. Vikichanganywa hushikana kwa mivuto midogo inayovunjika na kuunganika tena bila kemikali yoyote kuongezwa. Ndani ya bomba la sindano jeli imesimama wima. Ukisukuma, inalegea kama tomato sosi iliyotikiswa na kupita kwenye sindano nyembamba. Ikitoka upande wa pili inakusanyika palepale na kukaa kama kilima kidogo bila kutiririka. Hiyo ndiyo sifa inayoruhusu kuchoma kitu kigumu bila kisu.

Mwaka 2020 kundi hilo lilichoma panya protini ya yai iitwayo ovalbumini pamoja na kichochezi cha kinga ndani ya jeli hiyo, sindano moja tu. Kambi za seli B zilidumu kwa muda mrefu zaidi, na nguvu ya kingamwili kushika antijeni iliongezeka kwa kiwango cha takribani mara 1,000 kulinganisha na chanjo ileile ndani ya maji. Mwaka 2021 walifanya hivyo kwa kipande cha protini ya kirusi cha UVIKO-19 ambacho kikiwa peke yake huamsha kinga hafifu. Ndani ya jeli kikaleta kingamwili za kukizuia kirusi. Jambo moja ninalolipenda katika kazi hii: matundu ya wavu ule ni madogo kiasi kwamba antijeni na kichochezi, hata vikiwa na ukubwa tofauti sana, hutoka kwa mwendo unaokaribiana. Katika jeli nyingi za zamani, molekuli ndogo hutoroka siku ya kwanza na kubwa hubaki nyuma, na seli za kinga hukutana na kengele bila mwizi, kisha mwizi bila kengele.

Kwa hiyo ukilinganisha hizi mbili: kwa chanjo ambayo tayari inafanya kazi vizuri kwa alumini, sioni sababu ya kuibadilisha. Kwa chanjo ya kipande cha protini kinachokataa kuamsha kinga ya maana, hidrojeli ina hoja nzito kuliko kuongeza tu kiasi cha alumini.

Hidrojeli na chembe za PLGA

PLGA ni polima inayooza mwilini taratibu na kuwa asidi mbili ambazo mwili unazijua. Sindano za homoni za mwezi mmoja au mitatu zimeitumia tangu miaka ya 1980, kwa hiyo mamlaka za dawa haziiogopi. Kwa chanjo, ndoto ya PLGA ni tofauti na ya hidrojeli: inataka kuachilia dozi nzima siku fulani, kisha nyingine siku nyingine, ili sindano moja iige ratiba ya kliniki. Mwaka 2017 maabara ya Robert Langer na Ana Jaklenec, MIT, ilionyesha vikombe vidogo vya PLGA vyenye vifuniko, vinavyojazwa na kufungwa kimoja kimoja, ambavyo ndani ya panya vilipasuka siku ya 9, ya 20 na ya 41.

Shida ya PLGA ni ndani yake. Polima inapooza, asidi hujikusanya ndani ya kikombe, na protini inayongoja siku yake inakaa kwenye joto la mwili, nyuzijoto 37, ikiogeshwa na asidi kwa wiki nyingi. Protini nyingi haziwezi. Zaidi ya hapo, chembe nyingi za PLGA hutengenezwa kwa viyeyushi vikali ambavyo navyo huijeruhi antijeni. Hidrojeli huchanganywa na chanjo ndani ya maji, bila kiyeyushi, na protini hukaa kwenye mazingira inayoyafahamu.

Lakini hidrojeli ya kuchomwa ya aina hii haiwezi kungoja. Inaanza kuachilia mara inapoingia, na inaisha ndani ya wiki kadhaa. Kwa hiyo kama lengo ni kuiga dozi zilizo karibu, hidrojeli. Kama lengo ni dozi ya nyongeza ya miezi mingi baadaye, PLGA ndiyo yenye njia, hata kama njia hiyo bado ni ndefu.

Kuna jambo moja linalozihusu zote na ambalo watafiti huliandika kwa haraka mno: ukishaichoma, huwezi kuitoa kirahisi. Mtoto akipata mzio, dozi ya kawaida inaisha siku chache, bohari inaendelea. Uvimbe mdogo utakaoonekana mkononi kwa wiki kadhaa nao si suala dogo mahali ambapo uvumi kuhusu chanjo unasafiri haraka kuliko gari la chanjo. Mzazi lazima aonyeshwe mapema kwamba uvimbe utakuwepo, utakaa muda gani, na lini arudi kituoni.

Joto: hapa jeli inafanya kazi nyingine kabisa

Wakati wa mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, zaidi ya watu 300,000 walichanjwa kwa chanjo inayotakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzijoto 60 na 80 chini ya sifuri. Watu waliofanya kazi Beni, Butembo na Mangina wanajua maana yake: mitungi maalumu, jenereta, mafuta, na hesabu ya saa kuanzia chupa inapotolewa. Chanjo ile hutolewa dozi moja. Bohari ya kuachilia polepole isingewasaidia kitu. Kirusi hai kilichomo hujizalisha chenyewe mwilini, na hiyo ndiyo "bohari" yake. Walichokosa ni ulinzi dhidi ya joto.

Mwaka 2022 watafiti wa ETH Zurich walionyesha hidrojeli ya PEG ambayo nyuzi zake hufungana kwa vifungo vya boroni vinavyofunguka ukiongeza sukari. Vimeng'enya na adenovirusi, ambayo ni aina ya kirusi kinachotumika kubebea chanjo kadhaa, vilihifadhiwa ndani yake kwenye joto la hadi nyuzijoto 65, kisha vikatolewa kwa maji ya sukari vikiwa bado vinafanya kazi. Wazo lake ni kwamba protini huharibika kwa joto kwa kukunjuka na kugandamana na wenzake. Jeli inaziweka mbalimbali, kila moja kwenye chumba chake. Mwaka 2024 kundi la Uingereza, likiwemo la Dave Adams wa Glasgow, likatoa jeli nyingine ambayo haihitaji kuongezewa kitu: unasukuma bomba la sindano, jeli inavunjika, kichujio kilichopo mdomoni kinaizuia, na protini pekee inapita.

Ya Glasgow ndiyo ningeifuatilia kwa karibu zaidi kwa zahanati za vijijini. Kila hatua ya kuchanganya unayoiondoa kwa mhudumu aliye peke yake na foleni ya akina mama 60 ni kosa moja lililozuiwa.

Hata hivyo kabla ya kukimbilia jeli, angalia kama tatizo la joto halijatatuliwa kwa njia nafuu zaidi. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika, MenAfriVac, iliruhusiwa mwaka 2012 kukaa nje ya friji hadi siku 4 kwenye joto lisilozidi nyuzijoto 40, bila kubadilisha chochote ndani ya chupa. Vipimo tu vilifanywa na kibali kikatolewa. Kwa kuku, chanjo ya kideri ya I-2 ambayo hutengenezwa pia Tanzania na kutolewa kwa tone la jicho inavumilia joto kwa sababu virusi vyenyewe vilichaguliwa kwa sifa hiyo. Ikiwa kuchagua aina sahihi ya kirusi, au kukausha kwa baridi pamoja na sukari, kunatosha, jeli ni gharama ya ziada.

Vibandiko vya sindano ndogo

Hapa napita haraka, kwa sababu vibandiko vingi si hidrojeli, ila vinashindana nayo kwa fedha zilezile. Nchini Gambia kibandiko cha surua na rubela chenye vinundu vidogo vinavyoyeyuka ngozini kilijaribiwa kwa watu wazima na watoto, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024: zaidi ya asilimia 90 ya watoto wachanga walipata kinga ya surua kwa dozi moja, sawa na sindano ya kawaida. Hiyo ni hatua kubwa kuliko yoyote ambayo bohari ya hidrojeli imefikia kwa binadamu kwenye chanjo. Aina yenye hidrojeli halisi, iliyoendelezwa na Ryan Donnelly wa Queen's University Belfast, haiyeyuki: sindano zake hunyonya majimaji ya ngozi, huvimba, hupitisha dawa, kisha hutoka zikiwa nzima bila kuacha polima mwilini. Kwa mtu anayeogopa bohari isiyotoka, hiyo ni sifa ya kweli.

Kibandiko hushinda pale ambapo kikwazo ni upungufu wa wachanjaji waliofunzwa, na taka za sindano. Hakijengwi kubeba kiasi kikubwa cha antijeni, na vingi kati ya vibandiko hivyo huachilia ndani ya dakika au saa.

Chanjo moja moja

Malaria. Kenya, kwenye kaunti zinazozunguka Ziwa Victoria na za magharibi, ilianza kutoa RTS,S mwaka 2019 kwa watoto wa miezi 6, 7, 9 na 24. Dozi ya mwisho iko mbali na ziara nyingine za kliniki, na ndiyo inayopotea zaidi. R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023 baada ya majaribio yaliyohusisha pia Kilifi na Bagamoyo, nayo ina dozi 3 za karibu na moja ya nyongeza takribani mwaka mmoja baadaye. Watu wengi huitaja malaria kuwa mfano bora wa hidrojeli. Nakubali nusu yake. Dozi 3 za mwanzo zipo ndani ya dirisha ambalo jeli inaweza kulijaza, na kinga ya malaria inayoshuka haraka ni hasa ugonjwa ambao kambi za seli B zinazodumu zingeweza kuutibu. Lakini dozi ya nne, ile inayopotea, ipo nje ya uwezo wa jeli ya wiki chache. Mradi wa malaria na hidrojeli unaoahidi kuondoa dozi ya nne lazima uonyeshe kwamba kinga ya sindano ya kwanza imekuwa imara kiasi cha kutoihitaji. Hilo linapimwa kwa miaka, na liandikwe hivyo kwenye bajeti.

HPV. Usiguse. Jaribio la KEN SHE la Kenya lilionyesha kinga ya asilimia 97.5 kwa dozi moja ndani ya miezi 18, na jaribio la DoRIS la Mwanza, kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, likaonyesha kwamba kingamwili za dozi moja zinasimama. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja. Chembe zenyewe, zilizopangwa kwa mpangilio wa kirusi kamili, zinafanya kazi ambayo wengine wanaitafuta kwa jeli. Fedha ya utafiti ikipelekwa huko inaumiza chanjo nyingine.

VVU. Hapa ndipo ningeweka bohari ya hidrojeli mbele ya vyote. Kingamwili zinazohitajika ni ngumu kupatikana, zinataka mashindano marefu ndani ya tezi, na ushahidi wa kima kuhusu kuachilia polepole umejengwa kwa chanjo za VVU zenyewe.

Kichaa cha mbwa baada ya kung'atwa. Ratiba ya siku ya 0, 3 na 7 inaonekana imekatwa kwa kipimo cha jeli, na wagonjwa wengi hukatiza kwa sababu ya nauli na bei ya dawa. Inavutia. Lakini ugonjwa huu ukishaonyesha dalili karibu haponi mtu, na antijeni inatakiwa kwa wingi tangu saa ya kwanza. Jeli inayochelewesha hata kidogo ni hatari ambayo sitaki kuiona ikijaribiwa kwa aliyeng'atwa. Kama ni lazima, ianze kwa chanjo ya kujikinga kabla ya kung'atwa, kwa madaktari wa mifugo na wachanjaji wa mbwa.

Surua, BCG, polio ya matone. Ni vijidudu hai. Kuviweka ndani ya bohari ya nyuzijoto 37 kunaweza kuviua au kuvizuia kufanya kazi yao. Kama ni jeli, iwe ya ulinzi wa joto tu, na hata hapo kibandiko kilichokauka kinaonekana kuwa mbele.

Maswali ya kumuuliza anayekuletea jeli

La kwanza: jeli inapita kwenye sindano ipi, na kwa nguvu kiasi gani ya kidole gumba? Mpango wa chanjo hutumia sindano za kujifunga, zisizoweza kutumika mara ya pili, za ujazo wa mililita 0.5. Jeli inayohitaji sindano nene au mabomba mawili yaliyounganishwa ili kuchanganywa papo hapo, kama inavyofanyika maabara, bado haijatoka maabara.

La pili: inachukua nafasi gani kwenye friji kwa kila dozi? Chupa moja ya dozi 10 hukaa mahali padogo. Mabomba 10 yaliyojazwa tayari hayakai. Chanjo inayookoa safari ya mama lakini ikaongeza mara nyingi ujazo kwenye kisanduku baridi itakwama bohari ya wilaya.

La tatu: inasafishwaje vijidudu? Chanjo nyingi za majimaji hupitishwa kwenye kichujio chenye matundu ya maikromita 0.22. Jeli haipiti, na ukiichemsha ikiwa na protini umeiua chanjo. Kila kiungo kisafishwe peke yake na kuchanganywa ndani ya chumba safi, jambo linalopandisha gharama. TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, au Bodi ya Famasi na Sumu ya Kenya, itauliza hili kabla ya kuuliza kuhusu kingamwili.

La nne ni malighafi, na hapa nataka kuzuia wazo moja ninalolisikia mara kwa mara. Kwa kuwa Unguja na Pemba wanalima mwani, wengine wanapendekeza tutumie jeli ya mwani wetu kubebea chanjo. Mwani unaolimwa huko ni mwekundu, na jeli yake ni karajini. Alginati, jeli ya mwani inayojulikana sana kwenye utafiti wa dawa, hutoka kwa mwani wa kahawia. Karajini inapochomwa mwilini huleta uvimbe mkali. Maabara za dawa huitumia makusudi kuvimbisha mguu wa panya ili kupima dawa za kutuliza uvimbe. Inafaa kwenye chakula na dawa ya meno. Anayetaka malighafi ya karibu kwa ajili ya sindano aangalie kitosani inayotokana na magamba ya kamba na kaa, ambayo ikichanganywa na gliserofosfeti hubaki majimaji nje ya mwili na kuwa jeli kwenye nyuzijoto 37, au selulosi, ambayo tayari ina historia ndefu kwenye rafu za maduka ya dawa.